Rubya: Wodi ya Wasio na Jeraha

Mae alipiga simu saa tano usiku, bila zile salamu zake ndefu. "Mjomba wako siku hizi halali," alisema. "Anakaa." Nikadhani ni mawazo. Mwaka ule mvua zilichelewa, mikungu ya ndizi ilikuwa midogo, na mwenye kibanja akikosa usingizi msimu kama huo hakuna anayemuuliza sababu. Nikamwambia ampe pole, nitakuja mwisho wa mwezi. Siku ya tatu akapiga tena. Mjomba alikuwa amelazwa Rubya.

Mae ni mke wa mjomba, kaka wa mama yangu. Jina hilo la Kihaya la mama tulimpa tangu utotoni, na sijawahi kumwita vingine. Jioni ileile nilipanda meli Mwanza.

New Victoria huvuka ziwa usiku kucha na kutia nanga Kemondo alfajiri kabla ya kuendelea Bukoba. Kwa mtu wa Kagera safari hii haijawa nyepesi tangu 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Mama aliyeketi jirani yangu alishika rozari mpaka taa za mji zikapotea nyuma yetu, ndipo akafungua hotpoti yake na kunikaribisha ndizi. Tulikula kimya. Alikuwa akienda kuzika, mimi nikienda kuona mgonjwa, na kila mmoja alijua haulizi zaidi ya hapo.

Kemondo niliteremka kukiwa na ukungu. Ilikuwa Novemba, mwezi wa senene, nikanunua kopo zima la waliokaangwa na kutiwa chumvi vizuri, kwa sababu sikumbuki siku mjomba alipokataa senene. Kisha Hiace ya Muleba. Barabara inaelekea kusini, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kushoto, na kulia kukisimama mgongo wa Kamachumu. Huko juu ndiko alikozaliwa Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho. Huko juu pia iko hospitali ya Ndolage, ambayo jina lake linakaa katika historia ya nchi hii kwa sababu nyingine, nami nitairudia.

Kutoka Muleba unaiacha barabara kuu na kupanda. Pikipiki ilipita kwenye vibanja, migomba juu, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa, halafu ghafla migomba ikaisha tukawa kwenye rweya, nyasi tupu zenye upepo na mawe, kisha vibanja tena. Rubya iko kwenye mwinuko huo wa Ihangiro. Mtu akilitaja jina lake Tanzania, wengi huikumbuka seminari, ile aliyosoma Rugambwa na iliyowasomesha mapadre na watumishi wa umma wasiohesabika. Watu wa Muleba wao wakisema "amepelekwa Rubya" wanamaanisha hospitali. Ni mali ya Jimbo Katoliki la Bukoba, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba jukumu la hospitali teule ya wilaya. Sensa ya 2012 ilihesabu wilayani Muleba watu 540,310, baadhi yao wakiishi visiwani, ambako mgonjwa anaanza safari kwa mtumbwi.

Langoni kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni, na aliyesimama hapo hakumruhusu mtu kupita bila kunawa. Sikuona kama usumbufu. Machi 2023 virusi vya Marburg vilithibitishwa mkoani humu, Bukoba Vijijini. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa tisa, mmoja wao wa kukisiwa, na sita walikufa, akiwamo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Januari 2025 ukaibuka mwingine Biharamulo, ukaua watu kumi. Mgonjwa wa Marburg anapofika hana alama usoni. Ana homa, kichwa kinauma, mwili umechoka, sawasawa na mwenye malaria. Anayempokea ndiye anayetangulia hatarini.

Wodi ya magonjwa ya ndani haifanani na nyingine. Ukiingia wodi ya upasuaji unauona ugonjwa: mguu uliofungwa plasta, bandeji tumboni. Wodi ya wazazi ina kilio cha mtoto kinachoeleza kila kitu. Humu wanaume walikuwa wamelala na miili mizima isiyo na jeraha, na kilichowaleta kilikuwa kimejificha chini ya ngozi. Mjomba alikuwa kitanda cha tatu. Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi, mito nyuma ya mgongo, mikono imeshika godoro pande zote mbili, anavuta pumzi kwa mdomo kama aliyetoka kukimbia. Ndipo nilipoelewa maneno ya Mae. Aliponiambia halali, anakaa, alikuwa ameniambia ugonjwa wenyewe, wala hakuongeza chumvi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akapumzika. "Umefika." Akapumzika tena. Mzee ambaye hadithi moja ya vita vya Kagera ilimchukua jioni nzima sasa alikuwa anapewa maneno mawili mawili.

Raundi ilifika baadaye kidogo. Daktari alikuwa kijana, si mwenyeji wa Kagera kwa lafudhi yake, na alifuatana na muuguzi mtu mzima wa hapahapa. Alimwamkia mjomba kwa heshima, akavuta kiti akaketi. Nilitazamia achukue kipimo. Akaanza kuuliza. Usiku unalala na mito mingapi? Mwaka jana ulikuwa unalala na mingapi? Ukitoka nyumbani mpaka kanisani unasimama mara ngapi njiani? Mwaka jana ulikuwa unasimama? Unaamka usiku ukitafuta hewa dirishani? Viatu vyako vinakubana jioni kuliko asubuhi? Mjomba alijibu kwa Kihaya alipochoka, muuguzi akageuza. Aliposema omutima unamsumbua, muuguzi alisita, akamuuliza tena kabla ya kutafsiri. Kwa Kihaya, kama kwa Kiswahili, moyo ni nyama inayopiga kifuani na pia ni mahali pa huzuni. Ilibidi ajue mzee anazungumzia upi. Mjomba akaweka kiganja juu ya titi la kushoto: huu.

Baada ya hapo daktari akageukia mwili. Aliminya mfupa wa mguu chini ya goti kwa kidole gumba, akaachia, na shimo likabaki pale kama kwenye unga wa maandazi. Aliangalia mshipa wa shingoni, ulivyojaa na kucheza juu mpaka karibu na sikio. Akaweka stetoskopu mgongoni chini, pande zote mbili, akasikiliza kwa muda ambao wodi nzima ilinyamaza. Chombo hicho kilianzia Paris mwaka 1816, pale daktari René Laennec alipokunja karatasi ikawa bomba ili asikie kifua cha mgonjwa, na mpaka leo ndicho cha kwanza kufika kitandani. Nilimuuliza muuguzi baadaye daktari alisikia nini. "Maji kwenye mapafu," alisema. "Yanalia kama chumvi uliyoirusha kwenye kikaango cha moto."

Presha ilikuwa 210 kwa 120.

"Dawa zake ziko wapi?" daktari aliuliza.

Mae akamwangalia mjomba, mjomba akaangalia dirisha. Ziko nyumbani, Mae alisema. Dawa gani? Za presha. Jina lake? Nyeupe, ndogo. Anakunywa mara ngapi? Hapo Mae akanyamaza. Daktari alinigeukia kwa upole. "Kaka, naomba uende ukazilete. Zote. Na za miti shamba kama zipo, usiache kitu."

Wakati huo walikuwa wameshamchoma sindano ya kutoa maji, na chini ya kitanda kulikuwa na chombo cha kupimia mkojo. Kazi ya wodi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni hesabu ndogondogo za namna hiyo. Mkojo mililita ngapi tangu asubuhi, uzito umeshuka kilo ngapi tangu jana, pumzi ngapi kwa dakika. Anayezifanya mara nyingi ni muuguzi, usiku, akiwa na vitanda vingi kuliko mikono yake, na hakuna atakayempigia makofi.

Kabla sijaondoka nilisaidia kumgeuza jirani wa mjomba, mvuvi kutoka kisiwa cha Bumbire. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji likang'aa, mikono na miguu imebaki mifupa. Alikuwa ametapika damu kisiwani. Kichocho, alisema mwenyewe. Minyoo ya kichocho cha ziwani hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yake huliziba ini mwaka baada ya mwaka mpaka damu ikose njia, ijae kwenye mishipa ya koo la chakula, ipasuke. Alizaliwa majini, akacheza majini, akafanya kazi majini. Vidonge vya kuua minyoo ile vipo na ni vya bei ndogo, lakini havirudishi ini lililokwisha kuwa gumu. Kwenye kitanda cha mbele yake kulikuwa na kijana mwenye malaria kali aliyeletwa hajitambui na siku hiyo alikuwa anaomba uji.

Malaria ya Muleba ina tabia yake. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na vilima hivi vinapanda mamia ya mita kutoka hapo, kwa hiyo mbu hawakuwa wengi kila mwaka na miili ya watu wa juu haikuzoea. Mvua zikizidi, ugonjwa unakuja kama moto wa nyasi na kuua hata watu wazima. Ilikuwa hivyo mwaka 1997 hadi 1998, ikawa hivyo tena 2006. Mwaka 2007 nyumba zikaanza kupuliziwa dawa ukutani. Mbu wakaizoea. Watafiti wakaja na vyandarua vyenye kiambata cha kuvunja usugu wa mbu, wakavigawa kwa baadhi ya vijiji vya Muleba na vya kawaida kwa vingine. Baada ya miezi tisa, watoto wenye vimelea walikuwa 29 kati ya 100 kwenye vyandarua vipya na 42 kati ya 100 kwenye vile vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo, na ushahidi mkubwa ulitoka kwenye vitanda vya watoto wa wilaya hii. Mtu wa Muleba ana haki ya kulijua hilo na kulisema kwa sauti.

Nyumbani kwa mjomba nilikuta dawa uvunguni, ndani ya kopo la majani ya chai. Vidonge vilikuwa vingi, na hicho ndicho kilichonitisha. Vingine vilikuwa kwenye karatasi zake za kliniki zenye tarehe za mwaka uliopita. Vingine vilikuwa vya rangi tofauti, vilivyonunuliwa kimoja kimoja kwenye duka la dawa na kufungwa kwenye gazeti bila jina. Viwili vilikatwa nusu kwa kisu. Kando ya kopo kulikuwa na chupa ya maji ya mubilizi, mti shamba, machungu hata kwa kuyanusa. Nikabeba vyote.

Daktari alivimwaga kitandani kwenye shuka, akavipanga kwa kidole. Sikusikia karipio. Aliuliza tu, "Mzee, hivi ulikuwa unavinywa vipi?"

"Kichwa kikiuma nakunywa. Kikiacha naacha." Pumzi ilikuwa imemrudia kidogo, akaongeza: "Waitu, dawa ni ya kuponya. Nikishapona ya nini?"

Nimelifikiri jibu hilo tangu siku ile, na sioni ujinga ndani yake. Mjomba ni mtu wa zaidi ya miaka sabini. Magonjwa aliyoyajua maishani yalikuwa na mwisho. Malaria unakunywa dawa siku kadhaa unarudi shambani. Kuhara kunakoma. Kidonda kinafunga. Na ule ugonjwa mwingine, uliopita nyumba kwa nyumba alipokuwa kijana, nao ulikuwa na mwisho, tofauti ni kwamba mwisho wake ulikuwa kaburi mgombani. Presha haina tabia hiyo. Hailazi mtu, haiumi, inakuacha ulime na kucheza ngoma miaka kumi huku moyo ukisukuma damu dhidi ya mlango uliobana, unanenepa, unachoka, halafu usiku mmoja wewe unashindwa kulala chali. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na tisa katika kila mia wana kisukari. Wengi hawakuwa wanajua.

Nilisema nitairudia Ndolage. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera, na Ndolage ndiyo inayotajwa. Watu hawakuwa na jina la ugonjwa ule. Wakauita Juliana, kwa vitambaa vya magendo vilivyovuka kutoka Uganda vikiwa na jina hilo. Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima: Bukoba mjini 24.2 kati ya 100 walikuwa na virusi, Muleba vijijini 10. Fikiria kilichokuwa wodini. Waliolala walikuwa vijana, waliowauguza walikuwa wazazi wao, na daktari hakuwa na cha kuandika kwenye faili isipokuwa dawa ya maumivu na ya vidonda vya mdomoni. Mae alizika wadogo zake watatu. Halizungumzii.

Siku ya tatu nikiwa nimekaa naye kwenye benchi la nje, alimwita mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka kliniki, wakashikana mikono muda mrefu. Walisoma pamoja shule ya msingi. Yule mama alituambia bila kuficha, labda kwa sababu ya Mae, kwamba ameanza dawa za kupunguza makali mwaka uleule zilipoanza kutolewa na Serikali, 2004 kuelekea 2005, akiwa na kilo thelathini na kitu. Sasa ni bibi wa wajukuu wanne. Siku hiyo hakuja kwa virusi, hivyo vilikuwa havionekani tena kwenye kipimo. Alikuja kwa presha na sukari. "Bojo," alimwambia Mae, "ule niliushinda, sasa hizi ndizo zinanitafuta."

Na yeye vidonge vyake vyote alikuwa navyo kwenye mkoba, vimefungwa pamoja na kadi yenye tarehe. Mae alimuuliza amewezaje kunywa kila siku miaka yote hiyo. Akasema alifundishwa. Alipoanza hawakumpa dawa tu. Walimkalisha, wakamweleza mpaka akaweza kueleza yeye, wakamtaka aje na mtu wa kumkumbusha. Alipokosa tarehe moja, mtu alikuja mpaka nyumbani kumuuliza kulikoni.

Hilo ndilo neno lililonitoa Mwanza hata kama sikujua wakati napanda meli. Mkoa huu ulilipa gharama ya kutisha kujifunza jinsi mtu anavyoishi na ugonjwa usiopona. Ujuzi huo upo, uko kwa wauguzi, kwa wahudumu wa jamii, kwa wagonjwa wenyewe kama yule mama. Mjomba hakuupata kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Naamini mgonjwa wa presha anastahili kukalishwa vilevile, kuelezwa vilevile, kutafutwa vilevile akipotea. Moyo ulioshindwa unaua kwa uhakika uleule, na kidonge cha presha ni rahisi kuliko kitanda cha hospitali.

Mjomba hakula senene wangu. Muuguzi alifungua kopo, akaonja mmoja, akafunga. "Chumvi hii, mwanangu, ni maji tunayoyatoa pale," akaonyesha chombo chini ya kitanda. Alimwita Mae pembeni, wakazungumza Kihaya kwa muda kuhusu kupika maharage bila chumvi, na namna ya kutia nyanya chungu na limau ili mzee asione chakula kimekufa. Nililigawa kopo kwa waliokuwa wanauguza ndugu zao.

Usiku wa nne mjomba aliomba mito miwili iondolewe. Nilikuwa kwenye mkeka sakafuni, nikasikia pumzi yake imekuwa ndefu na ya polepole, nikainuka kuangalia kwa hofu. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Asubuhi mizani ilionyesha ameshuka kilo sita, zote maji. Mvuvi wa Bumbire aliondoka siku hiyohiyo kwa gari la rufaa. Sikupata habari zake tena.

Tulipotoka, daktari aliandika dawa tatu, akaeleza kila moja kwa saa yake, kisha akamtaka mjomba aeleze yeye. Mjomba alikosea ya pili. Wakarudia. Alikosea tena, wakarudia tena, na foleni ya nje ikangoja. Aliandikiwa pia barua ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupimwa moyo kwa bingwa, na kwa kuwa ninaishi huko, atafikia kwangu.

Nawe unayesoma, kama kuna mzee kwenu anayelala ameketi, usimpe pole kama nilivyofanya mimi. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na kabla hamjatoka nyumbani angalia uvunguni, beba kila kidonge utakachokuta.